Naombeni ushauri, mteja wa Goma anataka dagaa kwa mali kauli

Wakuu, niko Mwaloni Kirumba hapa Mwanza nauza dagaa jumla. Nina mteja wa Goma kule Kongo, zamani alikuwa anakuja mwenyewe na keshi mkononi, ila tangu waasi wa M23 wauteke ule mji Januari 2025 mabenki yakafungwa, hela ikawa shida, na anasema akipeleka mzigo vijijini kila kizuizi wenye bunduki wanataka chao. Sasa anaomba magunia 40 mali kauli, yaani achukue sasa alipe akishauza, eti kule njaa kali dagaa wanaisha siku hiyo hiyo. Yeye namwamini kabisa, njia ndo siiamini, mzigo ukichukuliwa nani atanilipa na mimi wavuvi wananidai? Nimpe nusu kwanza au alipe kabla gari haijatoka? Mliowahi kuuza chakula sehemu za vita mlifanyaje