Utando mweupe nyuma ya ulimi: nisafishe kwa kifaa gani, na nifike wapi?

Mkazi wa Tabata:
Ndugu zangu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuhudumia wateja uso kwa uso katika ofisi moja ya mjini, na kwa muda sasa nimekuwa nikijishuku harufu ya kinywa. Ninapiga mswaki asubuhi na usiku, sivuti sigara, wala sina jino linaloniuma. Lakini kila nikijitazama kwenye kioo naona sehemu ya nyuma ya ulimi ina utando mweupe ambao mswaki hauutoi wote. Shemeji yangu ananishauri nikwangue kwa kijiko cha chai, jirani anasema nisugue kwa kitambaa chenye chumvi, na mama mmoja wa mtaani ameshikilia kwamba tatizo ni kimeo, hivyo nikikate. Naomba kufahamishwa: je, utando huu ni ugonjwa? Nitumie nini, na nifike wapi bila kutapika?

Tabibu wa Kinywa:
Dada, kimeo kiache kilipo. Ni kinyama laini kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, nacho si chanzo cha harufu. Kukikata kwa wembe mtaani kumewahi kusababisha watu kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, na wengine kupoteza maisha.

Sasa turudi kwenye ulimi. Uso wake umejaa vinundu vyembamba vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na katikati yao hunasa mabaki ya chakula, chembe za ngozi iliyokufa na bakteria. Sehemu ya mbele hujisafisha yenyewe kwa kiasi fulani tunapotafuna na kuongea, lakini nyuma hakuna msuguano wa kutosha, na chini ya utando oksijeni ni haba, jambo linalowapa nafasi bakteria wasioihitaji. Hao huvunja protini na kutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza. Usiku mate hupungua, na ndiyo maana hata mtu mwenye afya njema huamka na harufu. Kwa hiyo utando mwembamba peke yake si ugonjwa.

Kuhusu kifaa, famasi nyingi huuza kikwangulio cha ulimi cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu. Kijiko cha shemeji yako nacho hakina ubaya, ilimradi kiwe chako peke yako, kisirudi jikoni, na ukingo wake usiwe mkali. Chumvi iache, kwa sababu chembe zake huchubua. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kikwangulio hupunguza gesi hizo zaidi kidogo kuliko mswaki, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa chache na ndogo. Kwa maoni yangu, asiye na uwezo wa kukinunua atumie mswaki wake laini bila wasiwasi.

Toa ulimi nje, weka kifaa nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha vuta kuja mbele kwa mkono mwepesi na ukisuuze kila baada ya kuvuta. Mara chache zinatosha, na mara moja kwa siku inatosha pia. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu na unawasha, umezidisha nguvu. Ili usisikie kutapika, toa pumzi polepole wakati unakwangua, usifanye hivyo mara tu baada ya kula, na kwa siku za mwanzo anzia katikati ya ulimi, ukisogea nyuma kadiri unavyozoea. Fizi nazo usizisahau, maana harufu nyingine hutoka katikati ya meno, mahali ambapo kikwangulio hakifiki. Tafadhali nieleze pia kama kuna dawa yoyote unayotumia.

Mzee wa Mtoni:
Sisi wengine tulilelewa kwa mswaki wa mti: unatafuna ncha mpaka inakuwa nyuzinyuzi, unasugua meno, kisha unaupitisha ulimini. Je, mbinu hiyo bado inakubalika, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo kinywa hukauka?

Tabibu wa Kinywa:
Shikamoo mzee. Inakubalika, mradi ncha ikichakaa uikate na kutafuna mpya, na ulimini upitishe taratibu kwa sababu nyuzi zake ni ngumu kuliko za mswaki wa dukani. Kwa mfungaji, muda mzuri wa kukwangua na kusukutua ni baada ya futari na baada ya daku. Masuala ya hukumu nawaachia masheikh.

Mwanachuo wa Uuguzi:
Kwa nini asitumie tu dawa ya kusukutua ya klorheksidini?

Tabibu wa Kinywa:
Ina kazi yake, lakini ni kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Ikitumika mfululizo hupaka meno na ulimi rangi ya kahawia na kuharibu ladha. Isitoshe, wako bakteria wa ulimini tunaowahitaji, wanaobadili nitrati ya mchicha na mboga nyingine za majani kuwa nitriti, ambayo mwili huitumia kutanua mishipa ya damu. Lengo letu ni kupunguza utando, si kuua kila kilichomo.

Mkazi wa Tabata:
Nashukuru sana. Kuhusu dawa, nina pumu, na ninatumia dawa ya kuvuta kila asubuhi na jioni.

Tabibu wa Kinywa:
Hilo ni muhimu, dada. Ikiwa dawa hiyo ina steroidi, yaani kiambato cha kutuliza uvimbe wa njia za hewa, masalia yake yakibaki kinywani huweza kuleta fangasi. Funga kidole kwa kitambaa safi chenye unyevu na ufute utando taratibu: ukitoka kama maziwa yaliyoganda na kuacha nyama nyekundu inayouma au kuvuja damu, kikwangulio hakitakusaidia, unahitaji dawa ya fangasi. Doa jeupe lisilofutika kabisa, au kidonda kinachopitisha wiki mbili bila kupona, navyo vinahitaji kuonwa na daktari. Dawa ya pumu usiiache; kila ukimaliza kuvuta, sukutua kwa maji hadi kooni na uteme. Kwa kuwa uko Tabata, nenda Hospitali ya Amana katika kliniki ya kinywa na meno, na ubebe hiyo dawa yako waione.