Kingereza ya egzetat: kutoa nomino mu kitenzi, kuko sheria ao ni kukariri tu?

mwana_kadutu
Salama bayaya. Niko mwaka ya sita hapa Bukavu, egzetat (mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari) inakaribia na kwa Kingereza kuko kitu moja inanisumbua, pale wanakupa kitenzi wanasema toa nomino. Profe alituachia hizi: decide, refuse, grow, believe, maintain. Decision naiona, inafanana na Kifaransa, lakini refuse inaenda refusal, grow inaenda growth, kila moja na mwisho yake. Kuko sheria yenye mutu anaweza kufuata ao ni kumeza liste nzima? Munipatie mifano, ju definisio tuko nazo mu kaye.

Mwalimu wa Bagira
Mudogo yangu, sheria moja ya kufungua zote haiko, lakini kuko makundi, na ukiyajua kazi inapungua sana. Angalia kwanza kitenzi chenyewe kinaishia na nini. Ikiwa ni -de mara nyingi inatoka, inaingia -sion: divide division, conclude conclusion, explode explosion, na decision yako iko humo. Ya -mit inaenda -mission: permit permission, admit admission. Ya -duce inaenda -duction: reduce reduction. Ya -ceive inaenda -ception: receive reception. Hizi zote asili yake ni Kilatini na mingi zilipitia Kifaransa, ju Guillaume wa Normandie aliteka Uingereza mwaka 1066 na kisha pale Kifaransa njo ilikuwa lugha ya wakubwa kule kwa muda mrefu. Weye wa hapa umezizoea tangu shule ya msingi, usizikariri, zitambue tu.

Grow ni ingine, ni neno ya Kingereza ya zamani, ilikuwako mbele ya Wanormandi. Maneno ya vile yanapenda kuishia na -th ao -t: growth, na die death, weigh weight, fly flight, think thought, give gift. Believe nayo v yake inageuka f: belief, sawa na live life, prove proof. Hizo njo za kukariri, kitenzi na nomino pamoja, na haziko mingi sana.

dada_nyawera
Mimi naandikaka rapore kwa Kingereza kazini. Ukikwama weka -ing, kila kitenzi cha kawaida inaikubali: deciding, refusing, growing.

Mwalimu wa Bagira
Dada, inaikubali kweli, lakini maana haibaki ile ile. Deciding ni kule kuamua kungali kunaendelea, decision ni kile chenye umeshaamua. Mutu akisema "we respect your decision" huwezi kutia deciding pale, na mu egzame watahesabu ni kosa.

yaya_wa_ibanda
Naongeza kwa mudogo, chunga Kifaransa isikuangushe, ju inasaidia kwa -tion na -ment (development, government) kisha inakuacha njiani. Refus ni refusal, arrivée ni arrival, départ ni departure, mariage ya Kifaransa iko na r moja na marriage ya Kingereza mbili. Tena Kifaransa tunasema "des informations", Kingereza haiweke s pale hata kidogo, ni information tu, na knowledge vilevile, na advice vilevile. Na hiyo advice yenye c ni nomino, advise yenye s ni kitenzi, pale wanafunzi wengi sana wanapoteza pointi na inaniuma ju ni herufi moja tu.

mwana_kadutu
Asanti sana bote, sasa naona njia. Na maintain?

Mwalimu wa Bagira
Maintenance. Ile ai ya kitenzi inabadilika ju mkazo wa sauti umehama, ndiyo maana explain inatoa explanation bila i, na pronounce inatoa pronunciation, o ya pili inatoka. Somaka kwa sauti, sikio litakusaidia kuandika. Sasa toa nomino za persuade, submit, introduce, exclaim na survive, uziandike hapa chini, kesho mangaribi nitazipitia moja moja.