Naomba ushauri: seremala wa Mombasa anayetaka ufundi wake upimwe kwa ajili ya Australia

Assalam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni seremala hapa Majengo. Nilifunzwa na ami yangu karakanani, si chuoni. Napaua nyumba, natengeneza fremu, ngazi na milango ya nakshi. Cheti nilicho nacho ni cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, gredi ya pili.

Nataka kuomba kazi Australia, ambako ufundi wetu hupimwa chini ya Trades Recognition Australia, asasi ya serikali ya huko inayotambua ujuzi wa mafundi. Kinachonitatiza, wao wanamtenganisha seremala wa mjengoni na yule wa karakana anayeunda milango, madirisha na ngazi; tena ipo nafasi ya anayefanya yote mawili. Huku kwetu fundi ni yule yule mmoja! Nichague ipi?

La pili ndilo linaloninyima usingizi: ushahidi wa kazi. Wateja wangu hulipa taslimu au kwa M-Pesa, hati ya mshahara sina. Je, taarifa za M-Pesa, picha za kazi na barua za wakandarasi zilizothibitishwa na wakili zitatosha? Na nifanye kwanza mtihani wa NITA wa gredi ya kwanza, ulio juu ya huu wangu?

Aliyepitia njia hii tafadhali anieleze, hata kama alikataliwa.