Hilux ya Babu (gumzo la kikundi cha ukoo, Muheza)

*Ijumaa*

Hamisi: Assalaam alaykum ukoo, shikamooni wakubwa. Niko Muheza. Hilux ya Babu bado iko chini ya mwembe toka 2020, ile ya dizeli, injini aina ya 3L. Betri imekufa kabisa. Jirani ana Fuso, kesho asubuhi nabusti kwake niiwashe, machungwa yanaoza shambani.

Mjomba Salehe: Marahaba. Usiguse swichi.

Mjomba Salehe: Fuso ni volti 24, Hilux ni 12. Ukibusti hivyo unaunguza plagi za hita zote nne, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, na stata inaweza kufuata. Azima betri ya volti 12, N70, iliyojaa, au busti kwa gari ndogo.

Kaka Idi: Si tuisukume tu? Pale kutokea barabarani pana mteremko. Gia ya pili, achia klachi.

Mjomba Salehe: Hapana Idi. Injini iliyolala hivyo, ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Gari zima likishuka na uzito wake, kitakachoachia ni ringi au taimingi belti, ile inayoendesha valvu. Na 3L belti ikikatika valvu zinagonga pistoni. Hapo utaanza kutafuta hedi ya injini Tanga mjini.

Shangazi Mwanaidi: Sikilizeni mjomba wenu. Mlivyo na haraka 😂

Hamisi: Sawa mjomba. Nianzie wapi?

Mjomba Salehe: Anza na panya. Fungua kasha la filta ya hewa, angalia chini ya dashibodi, fuata waya za stata na za pampu ya dizeli kwa mkono, siyo kwa macho tu. Chungulia ekzosi, nyigu wanapenda kujenga humo. Halafu fungua kifuniko cha juu cha taimingi belti uikunje kidogo: ikiwa na nyufa, inang'aa kama plastiki au imelowa oili, inabadilishwa kabla ya lolote. Usinipe habari ya kilomita. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huhesabu kilomita laki moja, haihesabu miaka, na mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama.

*Jumamosi*

Hamisi: 📷 Kiota kizima kwenye filta ya hewa. Waya mmoja unaokwenda juu ya pampu umetafunwa. Belti ina nyufa ndogondogo mgongoni.

Mjomba Salehe: Nunua belti na tenshona yake, puli inayoikaza, pamoja. Huo waya ndio unaofungua dizeli kwenye pampu, bila umeme hapo haiwaki hata upige stata mpaka kesho. Uunge vizuri, kisha ukifungua swichi usikie *tik* kwenye pampu. Ukishasikia, uchomoe tena kwenye pampu, utaufunga nikikwambia.

Mjomba Salehe: Sasa chomoa plagi za hita. Kwanza ile pleti inayoziunganisha, halafu tumia boksi ndefu, polepole. Ikigoma mwagia WD-40 uache saa moja. Ikikatikia ndani ya hedi, kazi yake si ya leo wala kesho. Ukishatoa, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kila tundu, uache mpaka alasiri.

Kaka Idi: Kijiko tu? Mimi ningetia nusu kikombe ilainike vizuri.

Mjomba Salehe: Oili haibanwi. Pistoni ikipanda na kukuta nusu kikombe juu yake, kinachopinda ni konektingi rodi. Na itakayobaki mle itaungua kama dizeli, injini ikimbie yenyewe.

Hamisi: Nimefunga belti mpya, alama zimekaa. Oili imelala toka saa nne.

Mjomba Salehe: Weka nyutro. Boksi na racheti kwenye bolti ya puli ya kranki, zungusha upande wa saa. Ikizunguka raundi mbili kamili bila kugonga kitu, alhamdulillah. Ikikwama usiongezee bomba kwenye racheti. Rudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, tia oili tena, lala.

Hamisi: Imezunguka! Nzito mwanzoni halafu ikalainika.

Shangazi Mwanaidi: 🤲🏾

Mjomba Salehe: Plagi zenyewe zipime zikiwa nje. Mwili wa plagi kwenye negativi ya betri, taa ya kupimia toka positivi mpaka kwenye ncha. Taa ikiwaka, nzima. Na dizeli ya tangi ikoje?

Hamisi: Plagi moja imekufa. Dizeli inanuka kama vanishi, chini kuna utando mweusi unateleza kama kamasi.

Mjomba Salehe: Hao ni vijidudu, wanaishi pale maji yanapokutana na dizeli. Mwaga yote kwa bolti ya chini ya tangi, na usimpe mtu atie kwenye gari lake. Tangi litaoshwa baadaye. Kwa sasa liache kabisa: chukua kidumu cha lita 5 chenye dizeli safi, chomeka humo mpira wa kuvuta na mpira wa kurudisha, yote miwili. Tumia mpira unaoonyesha ndani, utaona upepo unavyopita. Filta ya dizeli mpya. Pampu ile haina oili yake, inalainishwa na dizeli hiyo hiyo, kwa hiyo tone la maji ni kutu ndani ya pampu.

Zaina: Shikamoo mjomba. Mimi nashughulikia bima, ndogo inatosha? Na deni la road licence la miaka yote hiyo?

Mjomba Salehe: Marahaba Zaina. Ndogo inatosha kwa kuanzia. Road licence ilifutwa 2017, unalipia kwenye mafuta.

*Jumapili*

Mjomba Salehe: Hamisi, oili ya zamani ilitoka na rangi gani?

Hamisi: Nyeusi, siyo kama maziwa. Nimeweka 15W-40 na filta mpya, imekula karibu lita 6. Rejeta ilikuwa na maji ya kutu, nimesafisha mpaka yakatoka meupe, nimejaza kulanti. Fundi wa hapa anasema nitoe tamostati.

Mjomba Salehe: Iache! Ukiitoa, maji mengi yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na hedi ya 3L haisamehi joto. Kama ni mbovu nunua nyingine.

Mjomba Salehe: Plagi bado ziko nje? Vizuri. Waya wa pampu bado haujafungwa. Piga stata sekunde 10, pumzisha dakika moja, mpaka taa ya oili izime. Usisimame mbele ya matundu, yale matone ya oili yatakurukia.

Hamisi: Imezima mara ya tatu.

Mjomba Salehe: Rudisha plagi na waya. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili, spana 17, piga stata mpaka dizeli iruke bila povu, kaza. Kidole mbali, ile dizeli inatoboa ngozi. Idi asimame na kipande cha ubao kwenye mdomo wa hewa, filta ikiwa imetolewa. Mwendo ukipanda wenyewe anaziba. Ubao, siyo kiganja wala kitambaa.

Kaka Idi: Niko na ubao 🫡

Hamisi: 🎤 0:21

Shangazi Mwanaidi: Jamani inanguruma! Babu angeisikia hii.

Hamisi: Moshi mweupe mwingi, unachoma macho.

Mjomba Salehe: Ni dizeli isiyoungua na ile oili ya vijiko. Ipe dakika 10. Ukibaki mweupe na maji yanapungua, tutazungumzia gasketi. Ukiwa wa bluu ni ringi. Voltimita kwenye betri inasemaje?

Hamisi: 14.1. Moshi umepungua. Lakini gia haiingii, inasaga.

Mjomba Salehe: Pleti ya klachi imeshikana na flaiwili. Zima injini. Weka gia ya nne, mtu akanyage klachi mpaka chini, nyinyi mlisukume mbele na nyuma mpaka liachie.

Kaka Idi: Haliendi hata kidogo. Tairi za nyuma zimegoma.

Mjomba Salehe: Hendibreki ilivutwa toka 2020, shuu zimeganda kwenye ngoma. Jeki, stendi, toa tairi. Gonga ngoma pembeni kwa nyundo. Isipotoka, ina matundu mawili ya bolti za milimita nane usoni, zikaze kwa zamu, itasukumwa nje. Ukishafungua, badilisha na mafuta ya breki, DOT 3, toa upepo ukianzia nyuma kushoto. Valvu ya mzigo kule nyuma ina bleeda yake, skrubu ya kutolea upepo, mafundi wengi wanaisahau na breki inabaki laini.

Hamisi: Na tairi mjomba? Zinaonekana nzima.

Mjomba Salehe: Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi.

Hamisi: 2314.

Mjomba Salehe: Wiki ya 23, mwaka 2014. Za kuzungukia hapo uani. Machungwa hayapandi juu ya hizo.

Shangazi Mwanaidi: Basi nimwambie mnunuzi wa machungwa aje Alhamisi au?

Mjomba Salehe: Mwambie Jumatatu ijayo dada. Tangi bado halijaoshwa.