Naomba ushauri: ganzi ya miguu, metformini na vitamini B12

Wakuu, habari za kazi. Wagonjwa wa kisukari aina ya pili wanauziwa madini ya kromiamu na unga wa mdalasini eti vishushe sukari. Ushahidi wake ni hafifu, na hatari kubwa ni mtu kuacha dawa kwa ajili ya kopo la virutubisho.

B12 ni habari nyingine. Haishushi sukari, ila metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, ikitumika kwa miaka, hasa gramu 2 kwa siku, hupunguza ufyonzwaji wake kwenye utumbo mdogo. Miguu ikianza ganzi na kuwaka moto, lawama zote hutupiwa sukari, kumbe huenda ni upungufu wa B12. Tena upungufu huo unaweza kupandisha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) kwa uongo, maana chembe nyekundu mpya huzalishwa kidogo na za zamani ndizo hubaki nyingi. Ukiongeza dawa kwa kutazama namba hiyo peke yake, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Sasa swali: kipimo cha B12 kisipopatikana, mnaanza vidonge vya mikrogramu 1000 kwa siku, au mnasubiri picha ya damu ionyeshe chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, dalili ya upungufu huo? Ganzi huweza kutangulia upungufu wa damu, ndiyo maana nasita kusubiri. Na sindano ya B12 mnaichagua lini?