Mjadala: Vitabu vya hadithi vya shule vifungiwe likizo nzima, au watoto waondoke navyo?

Wakuu, shule zinafungwa Juni na ubishi umeanza: huyu anataka tuisheni, yule anasema mtoto apumzike. Kwa mtoto wa darasa la tatu aliyeanza juzi kuunganisha silabi, tuisheni ya maswali ya mtihani haimsaidii. Anahitaji kitabu kifupi chenye picha, akisome kwa sauti, akirudie mpaka akichoke.

Na vitabu hivyo shule nyingi zinavyo, vililetwa na miradi ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Ila ingia ofisi ya mwalimu mkuu uone: kabati limepigwa kufuli, ndani vimefungwa kamba kumi kumi, vingine bado vinanukia wino. Kikipotea kimoja anaulizwa yeye, namwelewa. Lakini humo kabatini panya nao wanavimaliza.

Napendekeza watoto wa la pili hadi la nne waondoke na vitabu viwili viwili, mzazi asaini kwenye kaunta buku siku ya kufunga shule. Mnasemaje?

Mwalimu, Bahi (Dodoma): Mkuu, unaongea ukiwa mjini. Huku Juni ni mavuno. Mtoto anaamkia kwenye mtama, mchana anapiga alizeti, jioni anarudisha ng'ombe. Asome saa ngapi? Na tulishaazimisha. Vilirudi bila majalada, vingine viliwashiwa moto jikoni.

Mama wa watatu, Nkuhungu: Wangu hawavuni, wanashinda kwenye katuni. Maktaba ya mkoa ipo, ila nauli ya watoto watatu kwenda na kurudi si mchezo. Vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo bure mtandaoni, nawafungulia kwenye simu, bando likikata basi. Mimi nasaini hata leo.

Mleta mada: Mwalimu, la mavuno sina ubishi. Nazungumzia robo saa baada ya ugali wa usiku. Nimeona huko Mvumi mtoto anamsomea bibi yake asiyejua kusoma, kwa taa ya sola. Bibi kila ukurasa anadakia, "Enhe, ikawaje?" Mtoto akikwama kwenye neno anarudi nyuma mwenyewe, kwa sababu kuna mtu anasubiri. Hilo, darasa la watoto themanini haliwezi kulitoa.

Na hicho kilichorudi bila jalada, kilipita mikono mingapi? Mimi kwangu kimefanya kazi. Mzazi asilipishwe, maana ukimtajia faini hasaini, na mwanawe ndiye anayekosa. Fidia itoke kwenye ruzuku ya uendeshaji.

Mwalimu, Bahi: Ruzuku hiyo ndiyo chaki, ndiyo karatasi za mitihani, haibaki. Lakini leja ya vitabu nasaini mimi. Kamati ya shule ikae, iandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba kilichochakaa kwa kusomwa kinafutwa na hakidaiwi kwa mtu. Nikiupata muhtasari huo kabla ya Juni, kabati nafungua.