Puto tumboni au kushonwa kwa ndani: nichague lipi?

NuruTanga: Wakuu habari zenu. Nataka kupunguza mwili ila kisu sitaki. Daktari kanipa njia mbili za endoskopia (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni): puto, au kushona tumbo kwa ndani. Lipi bora? Anataka jibu Ijumaa.

Mzee_Kipimo: Dada, uzito? Urefu? Vidonda vya tumbo? Umewahi kupasuliwa? Bila hayo tunabahatisha.

MamaPili: Puto! Linashushwa kwa mdomo likiwa tupu, linajazwa maji ya chumvi kama nusu lita, linakaa miezi 6. Chakula kinachelewa kushuka, ukuta wa tumbo unatanuka mapema, ubongo unapata taarifa umeshiba. Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka.

JasiriMbagala: MamaPili, mweleze na siku za mwanzo. Mimi nilitapika siku nne, hata maji hayakai, nikarudi kutundikiwa dripu. Hospitali niliyowekewa hakuna aliyenikalisha chini kuniambia tumbo litapambana na kile kitu. Wiki ya pili likatulia, nikapungua kilo 14. Puto lilipotolewa, sahani ikarudi ileile na kilo 9 zikarudi nayo. Namshukuru nesi mmoja tu, aliyenionya kuwa mkojo ukigeuka bluu au kijani nikimbie hospitali: maji ya puto langu yalitiwa rangi ili likivuja nijue.

Nesi_Kgmb: Pole sana. Mimi nasema kushona. Hakikatwi kitu, sindano iliyo mbele ya mpira wa endoskopia inakunja ukuta wa tumbo, linabaki jembamba. Ila ni nusu kaputi. Utafiti wa Marekani wa 2022: wastani wa asilimia 13.6 ya uzito ilipungua kwa mwaka.

Mkweli77: Bora upasuaji kamili. Ile sehemu ya juu ya tumbo inayotoa ghrelini, homoni ya njaa, inaondolewa.

Nesi_Kgmb: Kasema kisu hataki, ndugu yangu.

Mkweli77: Basi sindano za Ozempic, zile za kupunguza hamu ya kula.

MamaPili: Ukiacha sindano, uzito si unarudi vilevile?

NuruTanga: Kilo 104, sentimita 160. Halafu 2017 nilipasuliwa, kidonda cha tumbo kilitoboka.

Mzee_Kipimo: Hilo ndilo la kuanza nalo! Aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula kwa kawaida hawekewi puto. Daktari anajua?

NuruTanga: Hakuuliza, nami sikusema.

Nesi_Kgmb: Mpigie leo, Ijumaa mbali. Hata kushona, kovu lile lazima alitazame kwanza.

JasiriMbagala: Wakuu, kuna ambaye bima ilimlipia?